Mchonga Shimo

Nilifuata moto, nikapewa msasa.

"Kaa hapo, mwanangu," fundi aliniambia baada ya shikamoo na marahaba, akanisogezea kigoda na kipande cha mkangazi kilichochongwa mviringo, upana wake kama kisahani. "Sugua kwa kufuata nyuzi za mti. Ukisugua kinyume nitajua." Nikasugua. Saa nzima ikapita sijaona hata cheche. Tanuri lenyewe, pipa la mafuta lililokatwa na kukandikwa udongo kwa ndani, lilikuwa limepoa kama mtungi, na paka alikuwa amejilaza juu ya gunia la makaa.

Mtu akitaka kuonyesha kazi ya kusubu, huonyesha shaba ikimiminwa: inawaka, moshi unapaa, fundi amekunja uso. Basi ule mmimino wa kitu kidogo hauchukui hata nusu dakika. Ukifika hapo mambo yameshaamuliwa siku mbili tatu nyuma, mezani, kwa patasi na bikari, na fundi akiwa kimya. Nilikwenda Shimoni kuona hiyo nusu dakika. Nikabaki kwa ajili ya zile siku.

Shimoni unaifikia kwa kuacha barabara ya Lunga Lunga pale Kanana na kushuka hadi bahari ikuzuie. Ng'ambo ya pili iko Wasini, na mashua za kupeleka wageni Kisite-Mpunguti husubiri karibu na gati. Kijiji kimepewa jina kwa sababu ya pango lake, ambalo lina simulizi nzito isiyo ya leo. Nilitabasamu tu kwamba mahali penye jina hilo nimemkuta mtu ambaye kazi yake, ukiitazama sana, ni kutengeneza mashimo. Kalibu, humo madini yanamomiminwa, ni nini kama si shimo lenye sura?

Kazi yake ya kila wiki ni chubwi za risasi za wavuvi. Risasi huyeyuka kwenye nyuzi 327 tu, makaa ya vifuu yanatosha, na kalibu yake iko wazi juu: unamimina, unasubiri, unapindua. Hata mimi niliweza. Aliniweka upande unakotoka upepo na kunikataza kugusa uso, akanikumbusha habari za Owino Uhuru kule Mombasa, mtaa uliopata sumu ya risasi kutoka kiwanda cha betri kuukuu na ambao mwaka 2020 mahakama iliuamulia fidia ya shilingi bilioni 1.3. Baada ya hapo sikugusa uso.

Lakini siku ile alikuwa na kazi nyingine. Mwenye mashua mmoja alikuwa ameleta gurudumu la roda, lile la juu ya mlingoti ambalo henza hupita ili foromali ipande na tanga lake. Lilikuwa la shaba, la zamani, limepasuka vipande viwili na punje. Pamoja nalo alileta jingine jipya, na kinyongo. Hilo jipya lilikuwa limesubiwa katika karakana moja mjini, ambayo jina lake silitaji, na tangu lifungwe henza ilikuwa ikiruka kutoka kwenye mfuo na kubana kati ya gurudumu na ubao wa roda. Baharini, kusi linavuma, tanga halipandi wala halishuki. Si jambo la kucheka.

Fundi alilipima mara moja, akalirudisha mezani. "Wamelisindilia la zamani mchangani," akasema.

Hapo ndipo nilipoanza kusikiliza kwa makini. Njia ya mkato ya karakana nyingi ni hiyo: mteja analeta kitu kilichovunjika, wanakiunga kwa gundi, wanakizika kwenye mchanga, wanakitoa, wanamimina. Kinachotoka kinafanana na cha kwanza kwa macho. Lakini madini yakipoa hunywea. Shaba ya manjano hupungua kiasi cha asilimia moja na nusu kutoka kuganda hadi kupoa kabisa. Alumini hupungua asilimia moja na robo hivi, chuma cha kusubu asilimia moja, chuma cha pua asilimia mbili. Gurudumu la milimita 120 likinakiliwa hivyo linatoka na 118 na kidogo. Ule uchakavu wa miaka nao umenakiliwa pamoja nalo. Hata tundu la katikati limepungua, kwa hiyo pini haikuingia, kwa hiyo mtu alilipanua kwa tupa, kwa hiyo tundu likaenda upande. Kosa la kwanza lilikuwa la milimita mbili. Yaliyofuata yote yalikuwa watoto wake.

Ndiyo maana fundi wa Shimoni hakusindilia kitu cha mteja. Alikichora, akakipima pale ambapo henza haikukila, akachonga upya kwa mbao. Kitu hicho cha mbao nitakiita mfano, maana ndicho kinachoupa mchanga sura kisha kikaondoka. Hakiuzwi, hakifungwi chomboni, na mteja akiondoka na gurudumu lake hata hakiulizi. Mkono wote wa fundi uko ndani yake.

Akanionyesha mita yake. Ilikuwa kijiti cha msaji chenye alama za kisu, kimeng'aa kwa kushikwa. Juu kimeandikwa 200. Nilipokiweka kando ya rula ya shule, kilikuwa na milimita 203.

"Hiki kinadanganya," nikasema.

"Kinadanganya kwa shaba tu," akanijibu. "Cha alumini kile pale."

Ukichonga kwa kijiti hicho, kila kipimo kinatoka kikubwa kwa asilimia moja na nusu bila wewe kufanya hesabu yoyote. Unasoma 120 na unachonga 121.8, shaba inanywea na kukurudishia 120. Viwanda vikubwa vya dunia vilikuwa na rula za chuma za namna hiyo kwa kila madini, zinauzwa dukani. Yeye alikigawanya chake mwenyewe kwa mstari wa mshazari na sambamba zake, mbinu ile ile tuliyofundishwa darasani tukadhani haina kazi. Nilikigeuza kijiti mkononi kwa muda mrefu kuliko adabu inavyoruhusu. Nimeona ala nyingi za mafundi, na sikumbuki nyingine iliyotengenezwa iseme uongo kwa kipimo hasa ili kitu cha mwisho kiwe kweli.

Halafu kuna suala la kutoka. Mfano ukishazikwa lazima ung'oke bila kubomoa mchanga, kwa hiyo kuta zake hazisimami wima hata kidogo. Zinaegemea nje, nyuzi moja, nyuzi mbili. Tazama chuma cha vitumbua jikoni: kila kishimo ni kipana juu na chembamba chini, ndiyo kitumbua kinageuka kwa kijiti kimoja. Kingekuwa na kuta wima ungekula makombo. Fundi huupapasa mwegemeo huo kwa kidole gumba, haupimi, na kila mara nilipodhani nimemaliza kusugua aliupitisha ubao wangu chini ya gumba lake na kunirudishia.

Sasa fikiria gurudumu la roda. Ukingoni lina mfuo wa kamba, umeingia ndani mzunguko mzima. Lizike limelala, jaribu kulivuta juu: mchanga ulioingia kwenye mfuo utang'oka wote. Livute upande: vivyo hivyo. Kwenye karakana yenye mashine ya kukereza hakuna shida, wanasubu kisahani kizima kisha wanakichonga mfuo kwa mashine. Hapa hakuna mashine ya kukereza. Mfuo lazima uzaliwe nao.

Nilimwomba anipe muda nifikirie jibu. Akanipa, akaenda kuswali adhuhuri, akarudi, nikawa bado.

Jibu lake lilikuwa kwenye kile nilichokuwa nikikisugua. Sikuwa na gurudumu mkononi. Nilikuwa na nusu yake. Mfano ulikuwa umepasuliwa katikati ya mfuo, pale penye kiuno chembamba, na nusu mbili zinashikana kwa vijiti viwili vya mwanzi vinavyoingia kwenye matundu yake bila kulegea wala kubana. Fremu za mchanga nazo ni tatu, moja juu ya nyingine, wala si mbili kama kawaida. Ile ya katikati ina kimo sawasawa na unene wa gurudumu, na mchanga wake ndio unaojaa mfuo. Ukiinua fremu ya juu, nusu ya kwanza inang'oka kwenda juu, maana upana wake uko juu na kiuno chake kiko chini. Kisha unainua fremu ya katikati kwa mikono miwili, pumzi umeibana, na pete ya mchanga inapanda na kupita kiuno cha nusu ya pili bila kuigusa. Unaitoa nusu ya pili. Unarudisha fremu zote mahali pake. Ndani kumebaki gurudumu zima, mfuo na yote, lisilo na kitu.

Nilimwomba arudie, akarudia. Nikamwomba tena. Namna hii ya fremu tatu ni ya kale na wasubuji wa nchi nyingi wanaijua. Hakuibuni yeye wala hakudai. Kilichonishika ni mpangilio wa akili yake. Sisi wengine tukitazama gurudumu tunaona gurudumu. Yeye anaona mchanga unaolizunguka, upande upi utashika na upi utaachia, na kila anachochonga anakichonga kinyume: palipo na mwili ataacha uwazi, na palipo na uwazi ataweka mwili.

Hilo la mwisho ni tundu la pini. Juu na chini ya mfano aliacha vishina viwili vya mviringo ambavyo gurudumu halina. Nilidhani amesahau kuvikata. Kumbe hivyo huchapa vishimo viwili mchangani, na ndani ya vishimo hivyo husimama kiini, mche wa mchanga uliookwa hadi ukawa mgumu, ili shaba ilizunguke na kuacha tundu. Kiini kinataka gundi inayoshika kwenye moto kisha inaungua na kuachia, ili baadaye ukigonge kimwagike. Yeye hutumia molasi. Molasi ni rafiki wa zamani wa wasubuji, na Kwale hii ni nchi ya miwa. Kiwanda cha Ramisi, kilichofungwa mwaka 1988, kilikuwa njiani tu, upande huu wa Msambweni. Kiini kikiokwa hunuka kama kashata zilizoungua, na watoto wa jirani huja kuuliza kunapikwa nini.

Kuhusu mchanga nilikuwa na swali la kijinga, na nililiuliza. Umbali wa hatua mia mbili kuna pwani nzima. Kwa nini anauleta mchanga wake kwa pikipiki kutoka bara?

Alichota gao la mchanga wa ufukweni akanionyesha: vipande vya makombe, vumbi la matumbawe. "Babu zako walijengea nini?" akaniuliza. Kwa chokaa, nikajibu, ya matumbawe yaliyochomwa. "Basi nawe unataka kuchoma chokaa chini ya shaba?" Shaba ya manjano humiminwa ikiwa imepita nyuzi 1,000. Matumbawe kwa joto hilo hugeuka chokaa na kutoa hewa, na hewa ikikosa njia hupenya kwenye shaba iliyo majimaji na kuiacha na vitundu. Chumvi nayo haisaidii. Anataka mchanga mgumu wa mtoni au wa vilimani, anauchekecha, anauchanganya na udongo wa mfinyanzi kidogo na maji machache sana. Kipimo chake ni ngumi: unaubana, unaufungua, vidole vimechapika wazi, unauvunja katikati, kingo zinabaki kali. Ukikosa maji unabomoka. Ukizidi maji, mvuke utakurushia shaba usoni.

Na hapa niruhusu nichepuke, maana jambo hili limenikaa. Kaunti hii ya Kwale ina mchanga ambao wasubuji wa dunia wanautamani. Kule Maumba na Nguluni kampuni ya Base Titanium ilichimba machuguu ya mchanga mwekundu tangu mwaka 2013 hadi Desemba 2024, ikitoa ilmenaiti, rutaili na zirkoni, ikizipakia melini Likoni. Zirkoni haitishwi na chuma kilichoyeyuka, haitanuki sana ikipata moto, na moja ya kazi zake ni hiyo hiyo: kuwa mchanga wa kalibu, au rangi ya kupaka uso wa kalibu ili kitu kitoke laini. Meli zikaondoka miaka kumi na moja. Fundi wetu hakuwahi kushika hata kikombe kimoja cha mchanga huo. Hakulalamika, nilalamikaye ni mimi.

Siku ya kumimina ilikwenda haraka, nami nitaipita haraka. Shaba ilitoka kwenye rafadha ya zamani na vichwa vya mabomba. Zinki iliyomo huchemka kwenye nyuzi 907, ikatoa ule moshi mweupe unaowapa mafundi homa ya usiku, kwa hiyo sote tulihamia upande wa upepo. Alitoboa mchanga kwa spoku ya baiskeli, matundu mengi membamba ya kutolea hewa. Akamimina kwenye mlizamu bila kukatiza, shaba ikapanda katika kisima cha pili, akaacha. Kisima hicho ni akiba: gurudumu linaponywea linavuta shaba kutoka humo badala ya kujila lenyewe. Halafu akakaa chini akanywa kahawa tungu, na hakuruhusu mtu aguse fremu.

Katika kungoja huko nilikumbuka siwa, baragumu la enzi. Huko Vumba Kuu, mji wa watawala walioitwa Madiwani, ambao magofu yake yako kusini ya hapa kuelekea Vanga, siwa ilikuwa miongoni mwa alama za utawala. Ile ya shaba ya Lamu, inayohifadhiwa huko huko, ilisubiwa kwa nta: unachonga siwa kwa nta, unaivika udongo, unachoma, nta inatiririka na shaba inachukua nafasi yake. Njia hiyo inaruhusu nakshi yoyote, hata ile isiyoweza kung'oka mchangani, kwa sababu hakuna kinachong'olewa. Lakini nta imekwisha na udongo umevunjwa. Siwa ni moja. Nilimwambia fundi habari hiyo nikidhani itamfurahisha. Alifikiri kidogo, akasema ni kazi kubwa, ila kwa mwenye mashua hapana: gurudumu hili litavunjika tena, na siku hiyo hatataka kuanza upya. Atauchukua mfano ukutani na kusindilia. Ndiyo maana anaupaka vanishi mara tatu, anajaza kona za ndani kwa nta ya nyuki zisiwe kali (kona kali hupasuka shaba ikinywea), na anauchonga alama kwa chini: aina ya madini, na chombo kilichouagiza.

Siku hizi iko mashine inayochapa mfano wa plastiki usiku mmoja, na programu inaongeza ile asilimia moja na nusu yenyewe. Nimeiona, ni nzuri, na siionei wivu. Bado mtu lazima aamue gurudumu lilale au lisimame, lipasuliwe wapi, kisima kikae upande gani. Programu huuliza, haijui mashua.

Alasiri akazibomoa fremu. Lilitoka donge jeusi lenye pembe mbili, mlizamu na kisima, halina uzuri wowote. Akalisugua kwa brashi ya waya, akakata pembe kwa msumeno, akagonga kiini kikamwagika kama sukari iliyoungua. Akapitisha tupa ndani ya tundu mara chache, akajaribu pini ya mteja. Iliingia kwa kusukumwa na gumba. Nikachukua rula ya shule nikapima kipenyo mara mbili. Milimita 120, na upande mmoja labda nusu zaidi. "Huo upande ni wako," akasema. "Ulisugua kinyume."

Mfano ulirudi ukutani juu ya msumari wake, nusu mbili zimefungwa kwa uzi wa mshipi, kati ya mingine mingi ambayo sikuihesabu. Gurudumu liliondoka jioni hiyo hiyo ndani ya mfuko wa nailoni.

Nawe ukiwa na kitu cha kusubiwa, usimpelekee fundi nakala ya mtu mwingine wala picha ya simu. Mpelekee chenyewe kilichovunjika, vipande vyote, hata ile punje. Na mpe wiki mbili.